Jiwe Kwenye Njia ya Msonobari

Nitasema mapema kwamba sipendi msimu wa maua ya sakura. Watu wengine wote wa Tokyo wanaupenda, kwa hiyo hautapungukiwa kitu bila mimi. Kwa siku kumi hivi bustani yetu hufurika. Watu wanashuka stesheni, wanapita chini ya yale maghorofa ya ofisi, wanaingia kwa lango la mashariki. Wanapiga picha maua, wanajipiga picha mbele ya maua, wanapiga picha chakula chao mbele ya maua, kisha wanatokea lango la magharibi kuwahi treni.

Sisi watunzaji hatufanyi kazi mbele yao. Tunafagia alfajiri, na lango likifunguliwa tunajichimbia nyuma ya ghala, kwa sababu mgeni hapendi kuona mtu aliyeloa jasho katikati ya maua. Hatukati, hatuchimbi, wala hatufungi njia hata moja. Kanuni hiyo nilifundishwa na fundi Hanawa, kama nilivyofundishwa mengine yote ninayoyajua.

Fundi Hanawa Tokujiro alikuwa mkuu wa bustani hii kwa miaka arobaini na mmoja, na mimi nilikaa chini yake ishirini na miwili. Kufundisha kwake kulikuwa neno moja: "Tazama." Ukimuuliza utazame nini, alishuka kwenye ngazi akaenda kunywa chai. Ukikosea, aliirudia kazi yako mbele ya macho yako, polepole, bila kufungua mdomo, na wewe umesimama pembeni masikio yanawaka moto. Ukipatia, alipita kama hakuona. Nilijifunza kufurahi akinipita, maana zaidi ya hapo hapakuwa na kitu. Wenzangu waliofanya kazi kwa mafundi wengine walikuwa wanapigwa bega na kununuliwa bia. Mimi nilipitwa.

Alipostaafu hakukanyaga tena bustanini. Kwetu fundi akiondoka kazini harudi kukagua, kwa sababu macho yake yangemnyima aliyebaki usingizi. Ukuu nikaurithi mimi, Iwakiri, na pamoja nao nikaurithi ule msonobari wa ncha ya kusini.

Msonobari huo umesimama ukingoni mwa bwawa, mwisho wa njia ya mawe ya kukanyagia, na hauonekani vizuri kutoka mahali pengine popote. Ulikuwa na tawi moja la chini, lenye urefu wa hatua kumi, lililolala juu ya maji likiwa limeegemezwa kwenye nguzo tatu. Fundi alianza kulilea tawi hilo alipokuwa kijana wa miaka thelathini na kitu. Kila mwezi wa kumi na moja aliling'oa majani makuukuu kwa vidole, moja moja, na tawi hilo peke yake lilikula siku nne nzima. Picha yake iko kwenye vipeperushi na kwenye kalenda.

Mwezi wa pili mwaka huu nililikata.

Sababu ninayo, na kwa maandishi. Kimbunga cha vuli kilivunja nguzo moja, tawi likapasuka pale linapotokea shinani. Niliandika ofisini mstari mmoja, "ni hatari kwa wageni," wakagonga muhuri siku hiyo hiyo. Lakini ningeweza kulifunga. Fundi angelifunga kwa mianzi na kamba, angeupaka ule ufa dawa, na angesimama chini yake kila siku mpaka upone au yeye afe. Ukweli ni kwamba sikulipenda tawi lile tangu siku ya kwanza. Niliona linauvuta mti chini, linaufanya uonekane mzee mwenye kuombaomba. Nililikata kwa msumeno wa mkono, nusu asubuhi, na mti ukasimama wima nikaona ni mzuri. Furaha yangu ilidumu siku tatu. Siku ya nne nikaanza kuogopa, nami nina miaka hamsini na minne.

Niliogopa kwa sababu fundi alikuwa mgonjwa, na ugonjwa wenyewe wa mapafu, wa kutorudi. Mwezi wa tatu nilikwenda kumwona hospitali. Alikuwa amelala anatazama dari. Hakuniuliza habari za mke wangu wala za ofisi.

"Tawi la chini likoje?" akauliza.

"Theluji ilikuwa kidogo mwaka huu, fundi," nikasema.

Hilo halikuwa jibu, na yeye hakuwa mtoto. Aliendelea kutazama dari mpaka saa ya wageni ikaisha. Nilitoka nikiwa na ombi moja tu moyoni, tena la kijinga: afe kabla hajajua. Nilitaka aondoke akiamini kwamba kila alichoniachia kipo kama alivyokiacha, na kwamba mimi bado ni mwanafunzi wake. Sikuwa na hamu ya kitu kingine chochote wakati ule.

Basi, tarehe mbili mwezi wa nne, saa nne asubuhi, maua yamefunguka yote na watu wamejaa hadi kwenye daraja, Bi. Nogami wa dirisha la tiketi akaniita kwa simu ya upepo. Nilikuwa ghalani natia mkasi makali.

"Iwakiri, kuna mama hapa anakuulizia," akasema. "Hapana, ngoja, nimekosea. Anauliza njia ya kwenda kwenye msonobari, halafu anasema wewe usiitwe."

"Sasa mbona umeniita?"

"Kwa sababu amesema usiitwe. Mtu akisema hivyo si lazima kuna jambo?"

"Ni nani?"

"Hanawa. Mke wa fundi. Nimemwambia apite tu, amekataa, amesimama foleni kama watu wote. Kazee kadogo, kana mwavuli na jua lote hili. Iwakiri? Unanisikia?"

Nilikuwa nimekwishaweka simu chini. Ghalani kwetu kuna rafu yenye mawe matano ya mviringo, kila moja kama tikiti dogo, yamefungwa msalaba kwa kamba nyeusi na kuachiwa kitanzi juu cha kushikia. Tunayaita walinzi. Ukiweka mlinzi mmoja juu ya jiwe la kukanyagia, njia imefungwa. Hakuna haja ya mlango, bango wala askari. Nilichukua mmoja, nikakata kwa nyuma ya uzio wa mianzi mbio mbio, mzee mzima, jiwe kifuani. Nikaliweka juu ya jiwe la kwanza la njia ya msonobari, pale inapoachana na njia kubwa. Nikarudi nyuma ya mianzi nikakaa kimya.

Watu walikuwa tayari wako kule ndani, kumi au kumi na watano. Walitoka mmoja mmoja, na kila aliyefika kwenye jiwe aliliinamia kuliomba radhi kisha akalivuka kando kwa aibu, kama yeye ndiye aliyeingia pasipo ruhusa. Wa mwisho, bwana mwenye kamera kubwa, aliwaomba radhi hata watu waliokuwa nje. Hakuna aliyeuliza. Nimeishi miongoni mwa watu wangu maisha yangu yote na bado wananichosha.

Kijana mmoja na mchumba wake wakasimama.

"Kumefungwa," akasema msichana.

"Kwa nini?"

"Si unaona jiwe?"

"Jiwe naliona. Sababu ndiyo siioni."

"Wewe kila kitu unataka sababu. Ndiyo maana mama hakupendi."

Wakalipiga picha jiwe, wakaondoka. Nyuma yao alikuwa Bi. Hanawa.

Nilikuwa nimemwona mara chache sana, mwaka mpya mlangoni kwake, tukisalimiana na kupokezana machungwa. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomkumbuka, koti la kijivu, kifurushi cha kitambaa mkono mmoja, na mwavuli aliotembelea kama fimbo. Alisimama mbele ya jiwe muda mrefu. Watu walimpita kushoto na kulia. Aliinama akalitazama kwa karibu, akainua macho akatazama mahali nilipokuwa, ingawa najua hakuniona kwa ule wingi wa mianzi. Ng'ambo ya jiwe hakutazama hata kidogo. Kisha akaliinamia, akageuka.

Nilipumua. Nilifurahi kabisa, mwili mzima, na papo hapo nikajichukia kwa kufurahi.

Ningekaa pale pale mambo yangekwisha. Lakini mwanafunzi hawezi kumwacha mke wa fundi wake aje na kuondoka bila salamu, hata awe mwanafunzi mbaya kiasi gani. Nikazunguka, nikajipangusa majani, nikatokea mbele ya kibanda cha chai nikijitia hamnazo. Alikuwa amekaa kwenye benchi.

"Shikamoo, mama. Sikujua kama umekuja."

"Marahaba. Yule wa tiketi hakukwambia?"

"Hajaniambia."

"Basi nimemsingizia. Nilimsikia anakuita kwenye kile kidude chake, nikadhani ni wewe. Kaa, Iwakiri."

Nikakaa. Mbele yetu familia moja ilikuwa inamfundisha mtoto mchanga kutabasamu kwa kamera.

"Mzee anaendeleaje?"

"Jana alikula uji vijiko vitatu. Leo viwili. Daktari amesema tuwaite ndugu, nimewaita. Mwanetu anafika jioni na treni." Alisema haya kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya sokoni. "Amenituma. Miaka arobaini na mmoja alinikataza kukanyaga hapa. Mke wa fundi kazini anatafuta nini, ndivyo alivyosema. Ningekuja angeona haya mbele yenu. Jana usiku ananiambia, Mitsuyo, nenda ukalione tawi la chini, urudi uniambie. Nikamwambia si nimpigie tu Iwakiri? Akasema, la. Iwakiri usimuulize. Ukimuuliza utamtia kwenye taabu ya kujibu. Nenda na macho yako."

Sikujua pa kuitia mikono yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira ya fundi, hata kwa matusi yake, ambayo sikuwahi kuyasikia. Kuhurumiwa sikuwa nimejiandaa.

"Njia imefungwa, mama," nikasema. "Wiki hii kuna kazi kule."

"Nimeona."

"Wiki ijayo itafunguliwa."

"Wiki ijayo." Alilirudia polepole. "Yeye hana wiki ijayo."

Alifungua kile kifurushi. Kilikuwa na matonge ya wali yaliyofungwa kwa mwani, sita, ya kumtosha mtu anayefanya kazi ya mikono.

"Kula," akasema. "Nimefunga mengi kwa mazoea. Nikisikia neno bustani mikono inafunga yenyewe."

Nilikula. Chakula hakikupita vizuri lakini nilikula, maana kukataa kungekuwa kosa la pili. Yeye alilimega tonge lake akaliweka tena kitambaani.

"Watu wanadhani siijui bustani hii," akasema. "Mimi naijua kuliko hao wote wenye makamera. Nimeifua. Mwezi wa kumi na moja ni utomvu kwenye mikono ya shati, hautoki kwa sabuni mpaka uusugue kwa mafuta ya kupikia. Mwezi wa pili ni tope la bwawa mpaka mapajani, na linanuka. Wa sita ni kijani magotini, kwa kupiga magoti kwenye kuvumwani. Wa nane chumvi ya jasho mgongoni, imejichora kama ramani ya nchi. Wewe mwenyewe mkeo si anafua?"

"Anafua, mama."

"Muulize, atakwambia. Mwezi wa nne nguo zinarudi safi. Zinarudi na mikunjo niliyozikunja nayo asubuhi. Ndio mwezi pekee niliokuwa napumzika. Nilikuwa naenda kwa dada yangu Atami siku nne, na hakuna aliyenikosa." Alinigeukia kwa mara ya kwanza. "Mwezi wa nne hapa hakuna kazi, Iwakiri."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata hatua mia. Nilisimama.

"Twende, mama. Nitaliondoa."

"Kaa."

"Jiwe nimeliweka mimi. Lile tawi..."

"Nimesema kaa. Na hilo ulilotaka kusema usilimalize."

Nikakaa. Wahudumu wa kibanda cha chai walitutazama wakatazama pembeni. Bi. Hanawa alikunja kitambaa chake pembe kwa pembe, akafunga fundo, akaliweka vizuri juu ya magoti.

"Nisikilize," akasema. "Mtu yule sijawahi kumdanganya. Usidhani ni wema wangu. Hakuwa mwulizaji, basi sikupata nafasi. Ukiliondoa jiwe, nitaingia nione. Nikishaona, akiniuliza itabidi nimwambie, na hata nikinyamaza uso wangu utamwambia, maana hana kitu kingine cha kutazama siku hizi isipokuwa dari na uso wangu. Sasa hivi mimi sijaona kitu. Nilikwenda, njia imefungwa, nikarudi. Hayo ni kweli tupu. Naweza kuyabeba hadi kitandani kwake na nisitetemeke."

"Atajua, mama. Yeye anaijua miezi kuliko wewe."

"Labda atajua, labda hatajua. Akili yake sasa inakuja na kuondoka. Mimi nitasema nilichokiona."

Nilitaka kumwomba radhi lakini radhi yenyewe ingemwambia asichotaka kuambiwa. Kwa hiyo nikauliza swali la kitoto.

"Umenikasirikia?"

"Sana," akasema kwa upole. "Ila leo nina kazi nyingi. Hasira yangu kwako itasubiri."

Kisha akatazama saa na kusema ana nusu saa kabla ya basi la hospitali, na hawezi kurudi kwa mtu anayekufa akiwa na habari ya jiwe peke yake. Nimwonyeshe kitu. Nikauliza anataka kuona nini. Akasema, chochote alichokifanya mzee ambacho bado kipo.

Tulitembea. Nilimwonyesha mawe saba ya ukingo aliyoyapanga mwaka niliokuja, akiyasogeza na kuyarudisha kwa wiki mbili mpaka sisi vijana tukamwita mwendawazimu. Nilimwonyesha mti mmoja alioutoa mahali akaupanda pengine, kwa sababu aliona unauziba mwezi ukichomoza, ingawa bustani hufungwa saa kumi na moja na hakuna mgeni anayeuona mwezi. Nilimwonyesha mfereji mdogo ambao kazi yake ni kutoa sauti. Kwa kila kimoja aliuliza, "Hiki ni chake?" nami nikajibu, "Ni chake." Hakugusa kitu. Mbele ya uzio wa mianzi wenye mafundo mia kadhaa ya kamba nyeusi alisimama zaidi.

"Na huu?"

"Huu ni wangu, mama. Uliokuwepo ulioza."

Akautazama. "Umefanana na wake," akasema, na sikujua kama hiyo ilikuwa sifa au lawama, wala sikuuliza.

Langoni alimwinamia Bi. Nogami, akaniinamia na mimi, akaufungua mwavuli kujikinga na jua, akaenda kusimama kituoni katikati ya watu waliokuwa na maua kwenye nywele. Sikusubiri basi lije. Bi. Nogami alitoa kichwa dirishani.

"Ameuona msonobari?"

"Njia imefungwa."

"Imefungwa mwezi wa nne? Na nani?"

"Na mimi."

Alinitazama kidogo. Bi. Nogami ana mdomo, lakini kuna siku anajua kuufunga. Alirudisha kichwa ndani akaendelea kukata tiketi.

Jiwe nililiacha mpaka jioni. Ningeweza kuliondoa mara tu alipotoka, wala sijui kwa nini sikuliondoa. Nadhani nilikuwa nangoja mtu mmoja alivuke, mtu mmoja tu mkorofi kati ya maelfu, anijie na kuniuliza mwenzangu tawi mmelipeleka wapi. Hakutokea. Saa kumi na moja lango lilipofungwa nililishika kwa kitanzi chake nikalirudisha rafuni.

Fundi alifariki baada ya siku mbili. Maua yalikuwa yameanza kudondoka, na kazi ya kufagia ni kubwa wakati huo, lakini niliwaachia vijana wangu nikavaa suti nyeusi. Ukumbi wa msiba ulikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Walikuja mafundi wa bustani zote kubwa za jiji, wazee wa shingo nyekundu na vidole visivyonyooka, wamejibana ndani ya mashati ya kola. Picha ya fundi ilikuwa ya zamani na alionekana amekasirishwa na mpiga picha.

Tulipanga foleni ya kufukiza ubani. Mjane alikaa mbele pamoja na mwanawe, akimwinamia kila aliyepita. Nilipofika kwake niliinama, nikataka kuendelea, akanishika mkono wa koti. Foleni ya msiba haisimamishwi kwetu. Ilisimama.

"Nilimwambia," akasema.

"Ulimwambia nini, mama?"

"Kwamba njia ilifungwa. Akafumba macho nikadhani amelala. Halafu akauliza, jiwe liko wapi? Nikamwambia liko juu ya jiwe la kwanza kabisa. Akauliza, si kule karibu na mti? Nikamwambia si karibu na mti, ni pale mwanzo, kabla ya kona, mahali ambapo mtu haoni hata maji."

Nilielewa kabla hajaendelea. Mtu anayefunga njia kwa ajili ya kazi huweka mlinzi mbali ndani, karibu na ilipo kazi yenyewe, ili mgeni asinyimwe zaidi ya kinacholazimika. Anayeweka kwenye jiwe la kwanza ana kitu hataki kionekane. Fundi hakuhitaji hata kukumbuka kwamba ni mwezi wa nne.

"Akacheka," akasema Bi. Hanawa. "Kifua chake hakikuwa cha kucheka, lakini alicheka mpaka nesi akaja mbio."

Nyuma yangu mtu alikohoa kunikumbusha foleni.

"Hakusema kitu?"

"Alisema. Akasema, 'Hapo ndipo hata mimi ningeliweka.' Basi. Habari za tawi hakuuliza tena."

Akaniachia mkono. Nikaenda mbele, nikachukua ubani kwa vidole vitatu kama inavyotakiwa, nikashindwa kuufikisha kwenye kaa. Miaka ishirini na miwili nilikuwa nangoja mtu yule aniambie walau mara moja kwamba nimefanya jambo kama ambavyo angelifanya yeye. Ameniambia, na jambo lenyewe ni kumdanganya mkewe. Nikalia pale kwa sauti mbele ya mafundi wote wa Tokyo, mpaka mwanawe akainuka akanishika bega na kunitoa nje taratibu, akinipa pole ya msiba.